"Kama nishati haipotei, tunabana nini?" Swali lililonitoa jasho kwenye mafunzo ya walimu hapa Tabora

#1 Mwana wa Unyanyembe (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa kama wewe ni mwalimu au una mtoto shuleni.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Tabora mjini, mwaka wa 11 sasa. Walimu tuna utaratibu unaitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Tunakutana shuleni au kwenye kituo cha walimu, tunachagua mada inayotusumbua, mmoja wetu anaongoza. Muhula uliopita niliangukiwa na mada ya nishati: namna ya kumsaidia mwanafunzi aelewe nishati inatumikaje na inabanwaje. Walikuja walimu wa msingi na sekondari wa kata yetu, jumla 23.

Kikao cha kwanza nilikiharibu. Niliandaa slaidi nzuri kabisa. Aina za nishati, vyanzo jadidifu na visivyo jadidifu, picha ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na megawati zake 2,115, picha ya balbu yenye alama ya vema ya kijani. Watu waliandika, wakapiga makofi. Mwishoni mama mmoja mtu mzima wa shule ya msingi, aliyebakiza miaka michache astaafu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, watoto tunawakaririsha kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi, inabadilika umbo tu. Tukifungua ukurasa wa pili tunawaambia waitunze isiishe. Kuna mtoto wa darasa la sita aliniuliza: kama haipotei, tunabana nini? Nilimwambia akae chini. Wewe ungemjibu nini?"

Nikaanza kueleza habari za entropi, kile kipimo cha jinsi nishati inavyotawanyika. Nilivyozidi kueleza ndivyo macho ya watu yalivyozidi kwenda dirishani. Nilipomaliza akasema, "Asante mwalimu," na wote tulijua hajapata kitu.

Usiku ule niliwaza sana. Nikajiuliza: mimi mwenyewe nimeshawahi kuipima hii nishati ninayoifundisha? Kilowati-saa nazikokotoa ubaoni tangu nikiwa chuo, lakini friji langu linakula uniti ngapi kwa siku nilikuwa sijui. Mkaa unaoingia kwangu kwa mwezi ni kilo ngapi, mke wangu ndiye anayejua. Sasa mwalimu wa namna hiyo anamfundisha mtoto kubana kitu gani?

Hapo ndipo nilipopata msimamo ninaotaka kuuweka mbele yenu. Kama tunataka wanafunzi waelewe matumizi ya nishati, mafunzo ya walimu yaanzie kwenye mita ya LUKU ya mwalimu na jiko la mwalimu. Slaidi zije baadaye, au zisije kabisa.

Nakuja na sehemu ya pili, nielezee kikao cha marudio.

#2 Mwana wa Unyanyembe

Naendelea. Kikao cha pili tulifanyia kwenye ofisi ya walimu, mita iko ukutani kwa nje. Wengi wetu tunaiangalia mita siku ya kuingiza tokeni tu. Ukiisogelea utaona kijitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake maandishi. Ile yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kijitaa kikipepesa mara 1,000, uniti 1 (ndiyo kilowati-saa 1) imekwenda.

Kabla ya chochote nilimpa kila mwalimu karatasi, apange vitu vinne kuanzia kinachokula sana hadi kidogo: pasi, redio, balbu, jagi la umeme la kuchemshia chai. Walimu watatu waliweka redio juu ya pasi. Sababu yao ina mantiki, redio inashinda inawaka kutwa nzima.

Tukazima swichi zote kwenye kisanduku isipokuwa mzunguko wa taa. Nikafunga balbu ya kizamani ya wati 60, ile ukiigusa inakuunguza. Mwalimu mmoja kashika simu anahesabu sekunde, wengine tumezunguka mita. Kijitaa kikapepesa. Sekunde 60 baadaye, tena. Sekunde 60, tena. Sawasawa kama saa.

Nikaitoa, nikaweka ya LED ya wati 9. Mwanga ofisini ukawa uleule, kama upo tofauti hakuna aliyeiona. Tukarudi kwenye mita. Kikapepesa mara moja, mwenye simu akaanza kuhesabu upya. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu mtu akasema mita imeharibika. Ya nne mwingine akaenda kuchungulia kama taa bado inawaka. Inawaka. Watu wazima 23 tumesimama juani tunakodolea kitaa kidogo kama tunasubiri mwezi wa Idi. Dakika ya sita na sekunde arobaini ndiyo kikapepesa, na yakapigwa makofi ambayo slaidi zangu hazikuyapata.

Baada ya hapo nikachomeka jagi la wati 2,000. Kitaa kikaenda mbio, mara 33 kwa dakika. Mama yule mtu mzima akasema, "Kumbe ndiyo maana yake uniti zinakimbia."

Hesabu ya balbu wakaifanya wenyewe. Wati 60 kwa saa 5 kila usiku, siku 30, ni uniti 9. LED ya wati 9 kwa muda huohuo ni uniti 1.35. Kwa bei ninayonunua mimi, uniti inanitoka shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Balbu ya kwanza ni kama 3,200 kwa mwezi, ya pili haifiki 500. Balbu moja tu hiyo.

Lakini swali la mtoto lilikuwa bado halijajibiwa. Tukahamia jikoni.

Lita 1 ya maji, sufuria, jiko la mkaa la bati la kawaida, mizani tuliyoazima dukani. Kwanza hesabu ubaoni. Kupandisha lita 1 kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 315. (Hapa Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, ila tuliiacha 100 iwe rahisi.) Gramu 1 ya mkaa mzuri ina kama kilojuli 30. Kwa hiyo joto lote lingeingia kwenye maji, gramu 10 na ushee zingetosha, kipande kama vidole viwili vilivyobanwa pamoja. Nikakiweka kipande hicho mezani, wakacheka, kila mtu anajua hakichemshi hata kikombe.

Tukawasha, tukasubiri, maji yakachemka. Mkaa uliobaki tukaufunika kwenye kopo la bati mpaka ukazimika, tukapima. Ulikuwa umekwenda zaidi ya gramu 120.

Nikauliza: hizo nyingine zimekwenda wapi?

Mama yule akasogea. Jiko lilikuwa bado la moto. Akaweka kiganja ubavuni mwa jiko, kwa mbali kidogo, akakitoa. Akakipeleka juu, kwenye hewa ya moto inayopanda, akakitoa. Akasema, "Imekwenda hapa. Na hapa. Haijapotea, ila sasa siwezi kuirudisha kwenye sufuria."

Wakuu, nimesoma fizikia miaka mingi, sijawahi kusikia sheria hiyo ikielezwa vizuri hivyo. Nishati ipo, imetawanyika angani jikoni, haina kazi tena kwa mpishi. Tunachobana ni ile ambayo bado imekusanyika: mkaa ulio kwenye gunia, maji yaliyo nyuma ya bwawa, mti ambao bado umesimama msituni.

Naomba kuwasilisha. Walimu, wazazi, mafundi, karibuni.

#3 Fundi Nyaya

Mleta uzi umenikosha. Naongezea mambo mawili ya usalama, maana walimu wakishika moto wataenda kufanya na watoto.

Moja, mita inatazamwa kwa macho tu. Asiguse mtu, asifungue, asikate lakiri. Kazi ya kuzima swichi za kisanduku afanye mtu mzima.

Pili, si kila mita ni 1,000. Nimekutana na za 1,600 na za 3,200. Msome namba iliyoandikwa kwanza, mkidhani zote ni sawa hesabu zitawatoka kapa. Njia rahisi: chukua 3,600, gawanya kwa sekunde kati ya kupepesa na kupepesa, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa namba ya mita. Unapata wati.

Na mkizima swichi zote, kisha kijitaa kikaendelea kupepesa, msipuuzie. Kuna waya unavuja au kuna mtu kaunganishwa baada ya mita yako. Ita fundi mwenye leseni. Nimeshakuta nyumba mbili za namna hiyo, mwenye nyumba kila mwezi analaumu LUKU.

#4 Kijana wa Urambo

Mwalimu, heshima kwako, lakini niseme la moyoni. Mimi nimekulia kwenye tumbaku. Bani moja la kukaushia linakula kuni ambazo hakuna mtoto wa shule atakayezifidia kwa kuzima balbu maisha yake yote. Na jiko la shule ya bweni, lori la kuni linaingia, la pili linaingia. Halafu tunamwambia mtoto ndiye azime taa. Naona tunamtwisha mzigo asiyehusika.

#5 Mwana wa Unyanyembe

Kijana wa Urambo, umenigusa na umesema kweli. Balbu niliitumia kwa sababu inahesabika kwa macho. Nishati kubwa ya nyumba zetu mkoa huu iko kwenye kuni na mkaa. Ndiyo maana nusu ya kikao tulikifanyia jikoni.

Na ndiyo maana mwalimu akishajua kupima hawezi kuishia kwenye balbu. Kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za mti, kutegemea ufundi wa mchomaji. Zile gramu 120 za chai yetu zilikuwa zaidi ya nusu kilo ya mti. Nilipolisema hilo, mwalimu wa jiografia anayetoka Sikonge alinyamaza muda, kisha akasema mti wa mtundu ndio unaowapa nyuki wao maua. Kwao wanaishi kwa asali. Yeye ameondoka na somo lake mwenyewe ambalo mimi nisingeweza kumwandalia.

Kuhusu jiko la shule, tumeanza. Wanafunzi wa kidato cha pili wanapima lori la kuni: urefu, upana, kimo cha rundo, siku lilipoingia na siku lilipoisha, idadi ya waliokula. Wakigawanya wanapata kuni kwa kila sahani ya ugali na maharage. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Shule ikienda kuomba jiko jipya ikiwa na daftari la namba zilizopimwa na wanafunzi wake, inasikilizwa tofauti na ikienda na barua ya kulalamika.

Mabani nayo yapimwe. Mtoto wa mkulima akimwambia baba yake bani hili linavuja joto hapa na hapa, kwa kuwa alishaweka mkono ubavuni mwa jiko shuleni, huyo hajatwishwa mzigo. Amepewa jicho.

#6 Mwl wa Kijijini (Uyui)

Shikamoo kaka mkubwa. Shuleni kwetu hakuna umeme wala mita. Darasa langu lina watoto 94. Hii yenu ya mjini mimi naifanyaje?

#7 Mwana wa Unyanyembe

Marahaba mdogo wangu. Kwako wewe kuna kilicho bora kuliko mita, kuna kuni. Chukua mafiga, masufuria mawili yanayofanana, kuni za mti mmoja zilizokaushwa na nyingine mbichi za uzito uleule. Watoto wahesabu muda. Kuni mbichi inatumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake yenyewe kabla ya kukupa wewe chochote, na moshi wataupata puani hata usipowaambia. Kesho yake fanya sufuria lenye mfuniko na lisilo na mfuniko. Kesho kutwa maharage yaliyolowekwa usiku kucha na yasiyolowekwa. Kwa watoto 94 gawa makundi, kila kundi na kazi yake: wa muda, wa kuni, wa kuandika. Siyo lazima wote wasogelee moto, na wasisogee.

Na kijijini kwenu najua kuna kibanda cha kuchaji simu kwa sola. Simu kubwa yenye betri ya 5,000 mAh inakula kama wati-saa 25 ukiweka na upotevu. Uniti 1 ingechaji simu 40 za namna hiyo. Watoto wamuulize mwenye kibanda siku ya mawingu anachaji ngapi na siku ya jua ngapi. Hapo umefundisha sola bila kuchora paneli ubaoni.

#8 Mzee wa Katonga

Nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi si mwalimu, nimevua dagaa Ziwa Tanganyika zaidi ya miaka 30. Zamani tulibeba karabai, mafuta ya taa usiku mzima, kioo kikipasuka kwa upepo umerudi mikono mitupu. Siku hizi vijana wanatumia taa za LED na betri, wengine wanachaji kwa sola. Dagaa wanakuja vilevile. Karabai ilikuwa ukikaa karibu unaota moto kama uko jikoni. Nimesoma huu uzi ndipo nimeelewa: tulikuwa tunanunua mafuta ya kupasha ziwa joto.

Na sisi Kigoma umeme wetu kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Tulijua umeme una gharama kwa sababu tulisikia mlio wake. Watoto wa leo wanabonyeza tu ukutani. Wafundisheni.

#9 Mwana wa Unyanyembe

Mzee wangu, shikamoo sana. Hilo la kupasha ziwa joto nitalichukua nilipeleke darasani, kwa ruhusa yako. Walimu wa Kibirizi, Katonga, Ujiji, kikao chenu cha nishati mnaye mkufunzi wa karabai na LED hapohapo ufukweni. Mwiteni.

#10 Mama Kiloleni

Mwalimu, binti yangu amefundishwa kubana umeme, sasa kila usiku anachomoa friji. Asubuhi maziwa yamechacha. Nimemgombeza, analia, anasema mwalimu kasema. Nifanyeje?

#11 Mwana wa Unyanyembe

Dada yangu, pole, na usimgombeze. Alichofanya ni kile watu wazima wengi mtaani wanafanya. Friji halivuti muda wote, linawaka na kujizima lenyewe. Ukilichomoa usiku linapata joto, ukilirudisha asubuhi linavuta mfululizo kulitoa joto hilo. Unachookoa ni kidogo na chakula kinaingia hatarini. Mpe kazi nyingine yenye faida zaidi: aangalie mpira wa mlango kama umelegea (aweke noti, afunge, avute, ikitoka bila kukwama, baridi inavuja hapo), asogeze friji lisigusane na ukuta, na mtu asiweke sufuria la moto ndani.

Kisa hiki kimenifundisha kitu kuhusu mafunzo yenyewe. Tukimpa mwalimu orodha ya "zima hiki, chomoa kile", naye anaipeleka kama ilivyo, na mtoto anaitekeleza kwa utii. Aliyepima hachomoi friji, anakaa mbele ya mita akaona linavyowaka na kupumzika.

Lugha nayo inatuangusha. Neno "nguvu" tunalitumia kwa mambo matatu tofauti, na mtoto akifika sekondari anakutana nayo kwa Kiingereza (force, energy, power) akiwa tayari amechanganyikiwa. Mimi nawaambia walimu watumie bomba la maji: wati ni jinsi ulivyolifungua bomba, uniti ni ndoo zilizojaa. Bomba lililofunguliwa sana kwa dakika mbili linaweza kujaza ndoo chache kuliko linalodondoka usiku kucha. Wale walimu watatu waliotanguliza redio, ndicho walichokuwa wanakiwaza. Mimi niliuliza vibaya, sikusema kwa muda gani.

#12 Mwl Kasulu

Hongera mwalimu. Swali la vitendo: umetumia saa ngapi? Na mtihani je? Mkuu wangu wa shule atauliza.

#13 Mwana wa Unyanyembe

Kikao cha mita kilichukua saa 2, jikoni saa 1 na nusu. Ukiwa na siku mbili tofauti ni bora zaidi. Vifaa: balbu mbili, jagi, pasi, simu yenye saa, jiko, mizani. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya balbu ya LED.

Mtihani: kazi, nishati na nguvu zimo kwenye fizikia ya sekondari, na vyanzo endelevu vya nishati pia. Mwanafunzi aliyekokotoa balbu ya nyumbani kwao haogopi swali la kilowati-saa. Mkuu wa shule mwambie hivyo.

Angalizo moja nililojifunza kwa makosa. Msiwaambie watoto wote walete namba za LUKU za nyumbani. Kuna mtoto kwao hakuna umeme, na kuna ambao umeisha tangu juzi na hela hakuna. Mimi niliagiza hivyo, nikamwona mtoto mmoja anaandika namba ya kubuni. Nilijisikia vibaya sana. Sasa kila mtoto anachagua cha kupima: mita, kuni, mkaa, mafuta ya taa, hata betri za tochi ya bibi. Vyote ni nishati.

Mama yule mtu mzima alinipigia simu wiki iliyopita. Alimwita mtoto aliyewahi kumwambia akae chini, sasa yuko darasa la saba. Akamsimamisha mbele ya jiko, akamwambia aweke mkono ubavuni, kisha juu. Akamuuliza, "Umeiona ilikokwenda?" Mtoto akajibu ameiona. Halafu akauliza swali jingine: hivi haiwezekani kuzungushia jiko udongo isitoke? Wameanza kufinyanga. Jiko la kwanza limepasuka.

Fundi Nyaya, kama uko mjini Jumamosi hii, tunakutana saa nne asubuhi. Njoo na kile kipimo chako cha wati, tunataka kulikagua friji la kantini.